Kitambaa chini ya kifusi

Masika yakishakatika, simu yangu haipumziki. Mara mwenyekiti wa kijiji, mara mjumbe wa kamati ya barabara, mara mwenye tipa aliyekwama na mzigo wa nazi, na wote swali lao ni moja: "Mama, kile kifusi kimekwenda wapi?" Kilimwagwa Januari, tipa kumi na mbili, kikashindiliwa kikang'aa. Juni hakipo. Huwa nawajibu kwamba hakuna aliyekiiba. Kipo palepale kilipomwagwa, ila kimeshuka. Tope limekimeza.

Mimi ni fundi sanifu wa barabara, mzaliwa wa Ngamiani hapa Tanga. Barabara kuu sijajenga hata moja. Zangu ni zile ndogo: ya kuingia shambani Muheza, ya kushuka diko la samaki upande wa Tongoni, ya kupita bondeni ambako maji ya mvua hukaa wiki nzima. Vibarua wananiita Mama Mkeka kwa sababu ya kitambaa ninachokitandika chini ya kifusi. Wahandisi wanakiita jiotekstaili. Saiti tunasema kitambaa tu, nami nitasema hivyo hivyo.

Nikiitwa kwenye mkutano wa kijiji nabeba beseni mbili. Zote nazijaza tope la ukingoni mwa mikoko. Moja naimwagia kokoto juu kwa juu. Nyingine naitandika kwanza kipande cha kitambaa, ndipo namwaga kokoto kiasi kilekile. Halafu namwita mtoto akanyage kwa kisigino, mara hamsini huku, mara hamsini huku. Beseni la kwanza linageuka uji wenye mawe. La pili kokoto zimebonyea kidogo, lakini ukizichota kwa mkono zinatoka kavu na safi. Baada ya hapo sihitaji hotuba. Gurudumu linafanya yaleyale: kila likipita, jiwe linashuka na tope linapanda, na tope likishajaa kati ya mawe, mawe hayashikani tena. Yanateleza kama samaki ndooni.

Kwa hiyo elewa mapema unanunua nini. Kitambaa hakibebi gari. Kinachobeba gari ni kifusi, na kitambaa kinakilinda kifusi kisioane na tope. Ukinunua kitambaa ili upunguze kifusi mpaka kiwe ukoko, umetupa fedha.

Pima udongo ukiwa umelowa

Kosa linaloanza kabla ya mengine yote ni kupima barabara mwezi wa Februari. Jua la kaskazi linaudanganya udongo. Ule mfinyanzi mweusi uliopasuka nyufa za kuingiza mkono ndio huohuo utakaokuvua viatu mwezi wa Mei. Mimi napima katikati ya masika, au wiki ileile mvua zinapokatika.

Chombo ninachotumia ni DCP: chuma kirefu chenye ncha ya koni, na nyundo ya kilo 8 inayoachiwa ianguke milimita 575. Unahesabu mapigo na kusoma chuma kimezama kiasi gani. Kikizama milimita 20 kwa pigo, CBR ya udongo huo, yaani kipimo cha uwezo wake wa kubeba mzigo, ni kama 12, basi weka fedha zako mfukoni, huhitaji kitambaa. CBR ikishuka, udongo ni laini zaidi. Milimita 60 kwa pigo ni CBR ya 4 hivi. Ikifika milimita 100 ni kama 2, na hapo ndipo kitambaa kinaporudisha gharama yake. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa mwaka 1999 unaupanga udongo wa chini katika madaraja ya S15, S7 na S3, namba ikiwa ni CBR ya chini ya kila daraja, na ule ambao CBR yake haifiki hata 3 unataka matunzo ya peke yake. Barabara nyingi ninazoitwa zina vipande vya namna hiyo, si barabara nzima. Pengine ni mita 80 za bondeni kati ya kilomita mbili za udongo mwekundu mgumu. Tandika hizo 80, zilizobaki ziache.

Kama huna DCP, tembea. Ukiacha alama ya kisigino tu, pana nafuu. Mguu ukizama hadi kifundoni, tipa isikanyage hapo kabla hujajua unafanya nini.

Dukani

Utaonyeshwa vitu ambavyo hata wauzaji huvichanganya. Kuna kitambaa cha kusukwa, kinachofanana na salfeti ya mchele. Kina nguvu na hakivutiki sana, ila kile cha utepe bapa hupitisha maji polepole. Kuna kisichosukwa, kama blanketi jembamba lililogandamizwa. Hiki hupitisha maji vizuri na huvutika kabla ya kutoboka. Kwenye mabonde ya huku kwetu, ambako maji yanatoka chini, mimi napenda hiki cha blanketi. Cha kusukwa nakichukua pale udongo ulipo laini sana, maji si mengi, na ninachotaka ni nguvu ya kuvuta.

Halafu kuna jiogridi, wavu mgumu wa plastiki wenye matundu makubwa. Kazi yake ni nyingine kabisa: kokoto zinaingia matunduni, zinabanwa, zinakataa kusambaa pembeni. Mvuvi wa Kigombe hahitaji kuelezwa kwamba jicho la wavu hufuata ukubwa wa samaki. Hapa pia kokoto za kiasi cha njugu zitapita moja kwa moja kwenye tundu, na wavu wako utakuwa haujashika kitu. Tena juu ya tope bichi wavu peke yake hauzuii tope kupanda. Tandika blanketi chini, wavu juu yake.

Kwa barabara ya mchanga mtupu, ile ya kuelekea ufukweni ambayo tairi linajichimbia, dawa ni jioseli: vyumba vyumba vya plastiki kama sega la nyuki, unavitanua, unavijaza mchanga uleule na kufunika juu kwa kifusi. Jeshi la Marekani ndilo lililoanza kuhangaika na jambo hili miaka ya 1970, likitafuta namna ya kupitisha magari mazito juu ya mchanga wa pwani. Mimi nimetumia mara moja tu, kwa hiyo sitajifanya bingwa.

Nyingi za bidhaa hizi ni plastiki ya polipropilini au poliesta. Uliza ipi ni ipi. Poliesta haipendi chokaa kali, kwa hiyo kama udongo wako umechanganywa saruji au chokaa mbichi, usiilaze poliesta ikagusana nao. Polipropilini haina shida hiyo, na maji ya chumvi hayaisumbui, jambo ambalo kwetu pwani si dogo.

Sasa salfeti. Kila kijiji kina mtu anayeniambia, "Mama, si tushone tu magunia ya salfeti?" Nimeona yaliyoshonwa. Ni plastiki ya jamii moja, kweli, lakini ni nyembamba, haikutengenezwa kuvumilia jua, na mishono yake ni ya kushikilia mchele, si tipa. Kila mshono ni mlango wa tope.

Swali la mkonge ndilo ninalolipenda zaidi. Mzee mmoja wa Muheza, aliyekata mkonge tangu ujana wake, alinishika mkono: "Mwanangu, Tanga nzima imejengwa kwa nyuzi, nawe unaniletea plastiki?" Nilimwambia, "Babu, hata wenzetu walianza na nyuzi za shambani." Mwaka 1926, huko South Carolina nchini Marekani, walitandika pamba nzito chini ya barabara wakaimwagia lami. Shida ni kwamba nyuzi za mimea huoza zikikaa kwenye unyevu, na chini ya barabara unataka kitu kitakachodumu kuliko wewe. Ila mkonge una pahala pake: ukingo wa tuta. Wavu wa kamba za mkonge, au wa makumbi ya nazi, ukiulaza kwenye mteremko uliochimbwa upya, unashikilia udongo mpaka nyasi zishike mizizi, kisha unaoza kwa amani na kazi umeshaimaliza. Mzee aliridhika nusu.

Maji kwanza

Sitandiki jora hata moja kabla mitaro haijachimbwa na haijaonyeshwa pa kumwaga. Nimegombana na mabosi wangu kwa hili kuliko kwa mshahara. Kitambaa kilicholala ndani ya bwawa kitabaki kizima, lakini udongo ulio chini yake utazidi kulainika mwaka hadi mwaka, na barabara itakaa mawimbi. Uso wa udongo uwe na mgongo, mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kutoka katikati kwenda pembeni, na kitambaa kilazwe kwa kufuata mgongo huohuo.

Palipo na chemchemi inayochuruzika kutoka kilimani, chimba mtaro wa pembeni, utandike kitambaa cha blanketi, jaza kokoto safi, kisha kunja kitambaa juu yake kama unavyofunga sambusa. Hapo kitambaa ni kifumbu. Aliyekuna nazi anajua: tui linapita, chicha inabaki. Na kama kifumbu, ukikipaka tope kabla ya kazi kitaziba, kwa hiyo usikiburute matopeni ukadhani kitajisafisha.

Ukifanya kazi karibu na bahari, ulizia maji kwa wavuvi kabla ya kupanga siku. Usianze wakati wa bamvua. Ngoja maji mafu, upate siku tano sita ambazo bahari haitakutembelea saiti. Na mikoko usiikate kwa kiherehere cha kupanua njia. Inalindwa kisheria, na isitoshe ndiyo inayoshika ukingo wa barabara yako.

Kusafisha ardhi kuna hila yake. Visiki, mawe yenye ncha na vipande vya matumbawe vitoke vyote. Lakini kama udongo ni laini sana, usikwangue nyasi na mizizi midogo. Fyeka usawa wa ardhi uache. Ule utando wa mizizi ndio nguvu pekee uliyonayo udongo wa aina hiyo, na dereva wa greda mwenye bidii anaweza kuuondoa kwa nusu saa.

Kutandika

Jora la kawaida ninaloletewa lina upana wa mita 5 na urefu wa mita 100. La gramu 200 kwa mita ya mraba lina uzito wa kilo 100, basi tafuta wanaume wanne na bomba la kulipitisha katikati. Lisiburutwe. Unalikunjua kufuata urefu wa barabara, si kukatisha, na watu wanalivuta mpaka mikunjo iishe. Kunjo ni adui. Kitambaa kilichokunjamana hakifanyi kazi mpaka kivutike, na kitavutika kwa barabara kubonyea kwanza.

Upepo wa kusi utakuchezea. Usitegemee mawe peke yake, kata nondo ya milimita 6, pinda kama herufi U, pigilia pembezoni na kwenye maungio.

Maungio ndiyo yanayotenganisha fundi na mbabaishaji. Udongo wa CBR zaidi ya 3, jora lipande jora mwenzake sentimita 30 hadi 45. CBR kati ya 1 na 3, sentimita 60 hadi mita moja. Chini ya 1, mita moja kamili au ushone, na chini ya nusu ushone tu, hakuna mjadala. Mwisho wa jora na mwanzo wa jingine ni mita moja siku zote, au ushone. Kwa kushona tunatumia mashine ya mkono kama ile ya kufunga magunia, uzi wa plastiki usiooza, na mshono uangalie juu ili uukague. Akina mama wa mikeka wananielewa haraka kuliko mafundi: ukili usioshonwa vizuri, mkeka wote unaachana.

Upande wa kupandisha nao una sheria. Kifusi kinasukumwa kutoka nyuma kwenda mbele, kwa hiyo jora la nyuma lilale juu ya jora la mbele. Ukigeuza, kifusi kinaingia chini ya mdomo wa kitambaa na kuufunua.

Hesabu ya majora imenitia aibu mara moja, nikueleze usiaibike. Barabara mita 6, mabega mita 1 kila upande, na nusu mita ya ziada kila pembe, jumla upana wa mita 9. Majora mawili sambamba yakipandana mita moja yanatoa mita 9 kamili. Urefu mita 200. Mita za mraba 1,800, majora manne yana 2,000, nikasema yatatosha na kubaki. Hayakutosha. Maungio ya mwisho yalikula mita moja, tukaishia mita 199, na kona ilikuwa bado inadai yake. Siku hizi naongeza asilimia 10.

Usikunjue zaidi ya utakachofunika siku hiyo. Watengenezaji wengi wanakubali kitambaa kikae juani hadi siku 14, lakini jua la Tanga silipi hata tatu. Majora yasiyotumika yabaki ndani ya plastiki yake, chini ya kivuli, yameinuliwa kutoka ardhini. Niliwahi kukuta jora lililosahauliwa nje miezi mingi na gamba lake limechanika. Safu ya juu ilipasuka mikononi mwangu kama kanga kuukuu.

Saa ile ya kwanza

Kitambaa kinaumia zaidi siku kinapowekwa kuliko siku zake zote chini ya magari. Hili sikulisoma tu, nililifanya kwa mikono yangu.

Ilikuwa barabara ya bondeni, njia ya kwenda Pangani. Tulikuwa tumetandika vizuri, nimekagua kila ungio. Tipa zilichelewa, jua likaanza kuzama, na kifusi kilichokuwapo kikatosha sentimita 10 tu. Ningepaswa kusimamisha. Badala yake nikamruhusu dereva apite juu yake akamwage mbele, na kule mbele akageuza gari palepale, matairi yakisaga. Hakuna aliyeona kitu, kifusi kilifunika yote. Masika yalipopita pakatokea shimo la ukubwa wa karai, sawasawa na pale alipogeuzia. Tulichimba. Kitambaa kilikuwa na mpasuko wa urefu wa mkono, na tope limepanda humo likawa kama chuguu. Mita tatu pembeni, kitambaa kilekile, kokoto zilikuwa safi kama zimetoka machimboni. Dereva hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyempungia mkono apite.

Kwa hiyo sasa utaratibu wangu haupindi. Tipa inarudi kinyumenyume juu ya kifusi kilichokwisha kusambazwa, inamwaga juu ya kifusi, na kijiko au buldoza inasukuma mbele. Hakuna gurudumu wala mnyororo unaogusa kitambaa kitupu. Hata trekta la boza la maji. Safu ya kwanza haipungui sentimita 15 kabla gari halijapita, na kwenye udongo wa CBR chini ya 1 iwe sentimita 30. Kugeuza gari juu ya safu hiyo ni marufuku. Rola ipite bila mtikiso kwanza, maana mtikiso huliamsha tope na kulipandisha.

Tairi likichimba njia zaidi ya sentimita 7 au 8, punguza mzigo wa tipa au ongeza unene. Na zile njia za matairi usizisawazishe kwa greda kwa kukwangua matuta ya pembeni. Utakuwa unapunguza kifusi palepale kilipo kidogo, na bleti, kile kisu cha greda, inaweza kukipata kitambaa. Leta kifusi kipya, jaza, shindilia.

Kokoto za mawe ya chokaa zinazopondwa huku kwetu zina kingo kali. Zikiwa kubwa, chagua kitambaa kizito zaidi, au anza na safu nyembamba ya mchanga juu yake. Na zisimwagwe kutoka juu sana.

Kiraka

Baada ya masika ya kwanza narudi na fimbo ya chuma na koleo. Napita kwenye njia za matairi, natafuta palipobonyea, nachimba kijishimo kwa upole hadi karibu na kitambaa. Kokoto zikitoka safi, narudishia na kushindilia. Zikitoka na tope, panua shimo mpaka uone pale kitambaa kilipo kizima pande zote. Ondoa tope lote lililopanda, sawazisha udongo wa chini, kata kiraka kinachozidi mpasuko kwa mita moja kila upande, kilaze bila kunjo, pigilia zile U za nondo, na ufunike kwa kifusi siku hiyohiyo kwa unene uleule wa kwanza. Ndiyo maana kila kazi ikiisha nachukua mabaki ya jora, nayafunga kwenye plastiki nyeusi, nayaacha stoo ya ofisi ya kijiji, na namwomba mwenyekiti asiyagawe kufunikia vitalu vya miche.